Punguza, Mjomba! Kurudi kwenye treni za mfano baada ya miaka mingi

REHEMA: Hamjambo nyote, karibuni tena. Leo tuko Birmingham, chumba cha juu nyumbani kwa Mjomba Salim. Mvua haijakoma tangu jana, na mimi nimekaa upande upande kwa sababu chumba chote kimeliwa na reli. Shikamoo, mjomba.

SALIM: Marahaba. Na usiegemee hapo, mwanangu. Hiyo ni stesheni.

REHEMA: Haya, samahani. Wasikilizaji kadhaa wameuliza swali moja: mtu aliyeacha treni za mfano zamani, akirudi leo akakuta vichwa vya treni vinanguruma na kupiga honi vyenyewe, aanzie wapi? Nikasema anayefaa kujibu yuko hapa hapa. Tuanze na ulivyoacha.

SALIM: Sikuacha, zilipandishwa darini. Mwanangu alipofika miaka saba nilimnunulia seti: duara la reli, kichwa kimoja, mabehewa mawili na transfoma. Nasema nilimnunulia yeye, lakini mama yake alijua. Kijana akakua, akapenda mpira, na mimi zamu za basi zikanibana. Maboksi yakakaa juu miaka karibu 30. Nikastaafu, paa likavuja, nikapanda kutafuta tundu. Tundu sikulipata siku hiyo.

REHEMA: Ulipata maboksi.

SALIM: Nilishinda darini mpaka magharibi. Na paa bado linavuja.

REHEMA: Nikuulize kitu ambacho sijawahi kukuuliza. Kwa nini treni? Wenzako wengine wana njiwa, wengine bustani.

SALIM: Mimi nimelelewa Changamwe, baba alikuwa mtu wa reli. Treni ikitoka Mombasa kisiwani inavuka Makupa, halafu inaanza kupanda. Usiku umelala, unaisikia inahangaika na ule mlima. Utotoni mwangu kulikuwa na Garratt, vichwa vikubwa vya mvuke, zile za daraja, yaani aina, ya 59, tani 252 kichwa kimoja. Iko moja mpaka leo kwenye makumbusho ya reli Nairobi, nambari 5918, Mount Gelai. Na zilikuwepo dizeli za English Electric, daraja la 90, baadaye wakaziita 87. Ile dizeli ikipanda, dirisha la kwetu lilikuwa linatetemeka. Mama alikuwa anaweka kipande cha gazeti kwenye fremu.

REHEMA: Sasa hapa mezani una kichwa cha Uingereza. Cha kahawia? Hapana, kijani.

SALIM: Kijani. Daraja la 37 la British Rail. Yalitengenezwa 309 kati ya 1960 na 1965, mengi kiwandani Vulcan Foundry, Newton-le-Willows. Na zile dizeli za kwetu, daraja la 90, zilitoka kiwanda hicho hicho. Injini ni ya ukoo mmoja, silinda 12 zilizopangwa kama herufi V. Nilikuwa nimesimama kwenye maonyesho makubwa ya treni za mfano pale ukumbi wa NEC, yale ya klabu ya Warley, mwezi wa kumi na moja 2023, yaliyokuwa ya mwisho. Nimekwenda kuangalia tu. Mtu mmoja akabonyeza kitufe, 37 yake ikawaka. Rehema, nilisimama pale kama mtu aliyeitwa jina. Hiyo ndiyo sauti ya Changamwe, inatoka kwenye kitu cha urefu wa kalamu mbili.

REHEMA: Ukanunua.

SALIM: Nikanunua. Bei usiitaje, mama watoto anasikiliza.

REHEMA: Kabla ya sauti, tuseme kidogo tofauti ya zamani na sasa, kwa sababu hapo ndipo wanaorudi wanapounguza vitu. Zamani reli ilikuwa inapewa umeme mnyoofu, kutoka sifuri mpaka volti 12. Ukizidisha volti, treni inakwenda kasi, ukigeuza nyaya inarudi nyuma. Ukiweka vichwa viwili kwenye reli moja, vyote vinaondoka pamoja kama mbuzi. Siku hizi, kwenye mfumo wa dijitali unaoitwa DCC, reli ina umeme kamili wakati wote, unaogeuka upande huu na huu maelfu ya mara kwa sekunde. Mgeuko mfupi wa mikrosekunde 58 ni moja, mrefu wa mikrosekunde 100 au zaidi ni sifuri. Kwa hizo moja na sifuri, kontrola inatuma ujumbe: "Nambari 37, nenda mbele taratibu." Ndani ya kila kichwa kuna kisakiti, dikoda, kinachosikiliza jina lake. Si lake, kinanyamaza.

SALIM: Na kichwa cha zamani kisicho na dikoda?

REHEMA: Sema mwenyewe, mjomba.

SALIM: Nilikiweka juu ya reli ya dijitali. Kikalia zzzz kama nyuki kwenye kopo, hakisogei. Nikasema labda kimechoka, nikakiacha kidogo. Nilipokigusa mota ilikuwa ya moto kama sufuria.

REHEMA: Kwa sababu umeme unageuka haraka mno, mota haijui iende wapi, inabaki kutetemeka na kupata joto. Halafu ukaamua kukitia dikoda.

SALIM: Nyekundu na nyeusi kwenye magurudumu, rangi ya chungwa na kijivu kwenye mota. Nikafuata rangi vizuri kabisa, nikawasha. Ukatoka moshi wa kweli. Pauni zangu 30.

REHEMA: Vichwa vingi vya zamani, brashi moja ya mota imegusana na chuma cha chasisi, na chasisi imeunganishwa na reli. Kwa umeme wa zamani haidhuru. Kwa dijitali, umeme wa reli unaingia mgongoni mwa dikoda na imekwisha. Kwanza utenge mota isigusane na chasisi, upime kwa mita, ndipo uunganishe. Nilimwambia.

SALIM: Uliniambia baadaye.

REHEMA: Nilikwambia kabla, ulikuwa unatafuta miwani. Haya, turudi kwa kijani. Ulikileta nyumbani, na kilikuja na dikoda ya sauti ndani yake tayari.

SALIM: Usiku wa kwanza nimekiweka relini, nimebonyeza kitufe cha F1 kwenye kontrola. Inaanza pampu ndogo, halafu injini inazungushwa, halafu inashika. Nikafurahi dakika moja. Baada ya hapo... sijui niseme vipi. Ilikuwa kelele. Sauti kali, nyembamba, kama redio ya kinyozi. Mke wangu akaita kutoka chini: "Hiyo treni yako inakuja kupikia huku?"

REHEMA: Hapo ndipo aliponipigia simu akitaka kununua spika kubwa na dikoda nyingine.

SALIM: Nilidhani ni mbovu.

REHEMA: Na mimi nikamwambia: punguza, mjomba. Kichwa hiki ni cha kipimo cha 1 kwa 76. Ukikaa mita moja kutoka kwenye meza, ni kama umesimama mita 76 kutoka kwenye reli yenyewe. Jiulize, mita 76 injini inasikikaje? Sasa spika iliyomo ina upana wa kucha ya kidole gumba, ni kama ya simu. Besi hasa haiwezi kuitoa. Ukiisukuma kwa nguvu inatoa tu zile sauti za juu, na zinapasuka. Ukiishusha, sikio linajaza lenyewe. Kiwandani wanaipandisha kwa sababu lazima isikike dukani kwenye watu wengi.

SALIM: Tukafungua kitabu. Dikoda yangu ni ya aina ya LokSound. Sauti kuu iko CV63, na imekuja ikiwa 180.

REHEMA: CV ni kama droo zenye nambari. Kila droo ina thamani ndani, unaibadilisha kwa kontrola. CV1 ni anwani, na kichwa kipya huja na 3. CV3 ni namna kinavyoshika mwendo, CV4 kinavyopunguza. Hizo ni sawa kwa watengenezaji wote. Sauti kila mtengenezaji ana droo zake: ukiwa na Zimo, sauti kuu iko CV266 na huja ikiwa 64. Kwa hiyo usichukue nambari za jirani ukazipachika kwako.

SALIM: Nikashusha 180 mpaka 120. Bado. 90. Ilipofika 60, sikia, mwanangu, nilisogeza kiti nyuma. Ghafla ile injini ikawa mbali. Ikawa kule mlimani.

REHEMA: Lakini honi ikapotea.

SALIM: Honi ikawa kama panya.

REHEMA: Kwa sababu CV63 inashusha kila kitu pamoja. Ukitaka moja moja, kwenye LokSound unaweka kwanza CV31 iwe 16 na CV32 iwe 1. Hapo umefungua ukurasa wa sauti binafsi. Ya kwanza iko CV259, inayofuata 267, halafu 275, unaruka nane nane. Kila moja kwa kawaida huwa inaanzia 128. Kwa hiyo tukapandisha kuu mpaka 85 hivi, tukashusha injini na breki, honi tukaiacha ilivyo. Ile breki hasa, inavyokwaruza, tuliikata zaidi ya nusu.

SALIM: Tulikaa saa tatu kwa kazi hiyo. Chai ilipoa mara mbili.

REHEMA: Kuna jambo moja lilinishangaza hata mimi. Injini ilikuwa bado nyembamba kidogo. Tukafungua bodi, skrubu nne. Spika ilikuwa imebanduka upande mmoja wa kisanduku chake.

SALIM: Ufa wa unene wa karatasi.

REHEMA: Unatosha. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma. Hewa ya nyuma ikitoka kwenye ufa inakutana na ya mbele, zinauana, na cha kwanza kufa ni ile besi kidogo uliyonayo. Tulichukua ile gundi laini ya kubandikia picha ukutani, tukaiviringa nyembamba kama uzi wa tambi, tukazungusha ukingo wote. Tukarudisha bodi.

SALIM: Nikaweka mkono juu ya meza, nikaihisi. Bei yake senti. Na mimi nilikuwa tayari kununua dikoda mpya!

REHEMA: Mwendo je? Maana kilikuwa kinaondoka kama paka aliyekanyagwa.

SALIM: CV3 tukaipandisha ili kichukue muda kushika kasi. Hii ni tani zaidi ya 100 kwa uhalisia, haiwezi kuruka. Sasa nikifungua kontrola, injini inanguruma kwanza, halafu ndipo magurudumu yanazunguka. Hapo tu ndipo sauti na mwendo vilipokutana. Zamani vilikuwa kama filamu iliyotafsiriwa vibaya, mdomo huku, maneno kule.

REHEMA: Msimulie ya CV54.

SALIM: Ya nini tena?

REHEMA: Wasikilizaji, kuna namna dikoda hii inajipima na mota yake. Unaweka CV54 iwe 0, halafu unabonyeza F1. Kichwa kinachomoka kwa kasi kamili sekunde moja na nusu hivi, kinajipima, kinasimama. Kitabu kinasema kiwe kwenye reli ndefu iliyonyooka.

SALIM: Mimi nilikiweka karibu na mwisho wa meza. Alhamdulillahi chini kulikuwa na zulia.

REHEMA: Na ile siku ya anwani?

SALIM: Wewe leo umekuja kunivua nguo. Haya. Kile kipande cha reli cha kuandikia CV, nilisahau nimeacha kichwa kingine juu yake. Nikaandika anwani 37. Vyote viwili vikawa 37. Nikifungua kontrola, huyu anaondoka huku na yule kule. Nikafikiri nyumba ina jini.

REHEMA: Kwenye kile kipande ujumbe hauna jina, unamfikia yeyote aliyepo juu yake. Weka kimoja tu. Na kabla hujagusa chochote, andika thamani ulizozikuta kwenye daftari. Ukiharibu kabisa, kwenye LokSound unaandika 8 kwenye CV8, inarudi ilivyotoka kiwandani.

SALIM: Pamoja na zile kelele.

REHEMA: Pamoja na kelele, ndiyo. Swali la mwisho kutoka kwa msikilizaji wa Muscat: sauti yake inakatika katika, kila akipita kwenye kona kichwa kinajizima na kuwaka upya. Jibu ni uchafu. Futa reli na magurudumu kwa kitambaa na spiriti ya aina ya isopropili. Mota ikikosa umeme kwa kufumba na kufumbua hutaona, lakini sauti inakatika na unaisikia. Ikiendelea, kuna kapasita za kuongeza kwenye dikoda zinazobeba umeme kwa sekunde kadhaa. Lakini safisha kwanza, vumbi la huko nalijua.

SALIM: Na asinunue kitu mpaka amefuta.

REHEMA: Unamwambia nani, mjomba? Haya, tuwaage kwa 37. Sogeza maikrofoni. Washa.

SALIM: Tayari.

REHEMA: …

SALIM: …

REHEMA: Mjomba, umebonyeza kweli?

SALIM: Iko kwenye mlima. Nyamaza uisikie.