Buu Atembeaye na Buu Akaaye: Mhadhara Kuhusu Jeni Moja ya Nzi wa Matunda

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu na wanafunzi, habari za jioni.

Hapa mezani nimeweka sahani mbili nyeusi. Kila moja nimeipaka hamira ya dukani iliyokorogwa na maji mpaka ikawa nzito kama uji wa mtoto anayeanza kula. Ndani yake kuna mabuu wa nzi wa matunda, wale wadudu wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi jikoni kwenu. Nimewaweka kabla hamjaingia. Tuwaache wale, tutawarudia.

Buu mwenyewe ni mweupe, hana miguu, na urefu wake ni milimita chache tu. Mdomoni ana kulabu mbili nyeusi. Anazichomeka kwenye chakula, anajivuta, anameza, anazichomeka tena. Kila apitapo anaacha mfereji mwembamba kwenye hamira, na mfereji huo unapimika kwa rula. Yote nitakayowaeleza leo yameanzia kwenye mfereji huo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mjini Toronto nchini Kanada, mwanafunzi mmoja aitwaye Marla Sokolowski alikuwa akiwatazama mabuu wakila. Aliona jambo ambalo wengi wetu tungelipita: baadhi yao walikula huku wanakwenda, wakaacha mifereji mirefu na kuhama kutoka fungu moja la chakula hadi jingine. Wengine walikula palepale walipowekwa. Alichapisha matokeo yake mwaka 1980. Mimi leo nitawaita wa kwanza watembezi, na wa pili wakaaji.

Mtu angeweza kusema wakaaji ni dhaifu tu, hawana nguvu ya kwenda. Ndiyo maana jaribio lililonivutia kuliko yote ni hili dogo: waondoe kwenye hamira, uwaweke mahali pasipo na chakula. Hapo wote wanatembea sawasawa. Tofauti inaonekana chakula kikiwepo, na kikiondoka inapotea. Kwa hiyo hatuzungumzii misuli. Tunazungumzia namna mdudu anavyoamua akiwa mezani: nibaki na hiki, au nikatafute kingine?

Ukipandisha ukoo halisi wa watembezi na ukoo halisi wa wakaaji, watoto wote huwa watembezi. Wapandishe watoto hao wenyewe kwa wenyewe, na katika wajukuu utapata takriban watembezi watatu kwa kila mkaaji mmoja. Mwalimu yeyote wa baiolojia aliyefundisha njegere za Mendel, yule mtawa aliyechunguza urithi kwa kupandisha mimea, atatambua hesabu hiyo. Ni hesabu ya jeni moja. Tabia huwa haziji hivyo; kwa kawaida tabia moja inaguswa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na huwezi kuzitenganisha. Jeni hii ipo kwenye kromosomu ya pili ya nzi, na jina lake linatokana na kazi ya kutafuta chakula.

Iliwachukua watafiti hadi mwaka 1997 kujua inatengeneza nini. Inatengeneza kimeng'enya kiitwacho PKG, ambacho kazi yake ni kubandika kipande cha fosfeti kwenye protini nyingine. Protini ikishabandikwa, utendaji wake hubadilika. Mfikirieni nyapara shambani. Hashiki jembe, lakini akiinua sauti kidogo, mwendo wa shamba zima hubadilika. Watembezi wana PKG inayofanya kazi zaidi kuliko ya wakaaji, na ziada yenyewe si kubwa. Kisha watafiti wakafanya jambo la kukata shauri: waliwaongezea wakaaji nakala ya jeni hiyo, na wakaaji wakaanza kutembea.

Sasa nije kwenye ukuaji, maana hapa wengi hudhani tumebadilisha mada, na sivyo. Buu ana siku nne hivi za kula kabla hajawa pupa, yaani kabla hajajifungia ndani ya ganda ili ageuke nzi, na katika siku hizo uzito wake huongezeka takriban mara 200. Hana kazi nyingine duniani ila kula. Kwa hiyo ulaji wa buu ndio ukuaji wake. Mwaka 2007 maabara ya Sokolowski ilionyesha kwamba chakula kikiwa tele, watembezi hula kidogo kuliko wakaaji, lakini matumbo yao hufyonza sukari zaidi. Chakula kikiwa haba, wote huongeza ulaji hadi kiwango kimoja, ila mtembezi bado anafyonza vizuri zaidi. Wakilelewa kwenye chakula duni, watembezi wengi zaidi huishi, na hukua upesi zaidi. Jeni ileile iliyo nyuma ya mwendo wa buu kwenye sahani inagusa pia kile tumbo linachofanya na tonge. Na haina kazi hizo mbili tu. Nzi asiyekuwa nayo kabisa hafi akiwa buu. Hujengeka hadi karibu kukamilika, kisha hufa ndani ya pupa bila kutoka.

Mtauliza: ikiwa mtembezi ana faida hizo, mkaaji amebakije? Porini wote wapo, takriban watembezi 7 katika kila 10. Sisi tuna methali isemayo mtembezi hula miguu yake, na kwa buu methali hiyo ni kweli kabisa, maana kila hatua inagharimu nguvu ambayo ingejenga mwili. Nzi walipofugwa kwa msongamano kwa vizazi zaidi ya 70, kundi likaelemea utembezi. Walipofugwa wachache kwa nafasi, likaelemea ukaaji. Halafu utafiti mwingine wa mwaka 2007 ukaonyesha kwamba chakula kikiwa haba, anayenufaika zaidi ni yule ambaye aina yake ni chache. Mkaaji kati ya watembezi wengi anabaki na sahani ambayo wenzake wameihama. Mtembezi kati ya wakaaji wengi anakuta mafungu yasiyoguswa. Kwa hiyo hakuna upande unaoweza kuumaliza mwingine.

Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha somo hili, na kijana mmoja wa nyuma akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo mvivu kazaliwa mvivu?" Darasa likanyamaza. Nilimjibu vibaya siku ile, nilimwambia tu kwamba binadamu si nzi. Binadamu kweli si nzi, ila jibu hilo halikumtosha. Jibu nililopaswa kumpa linatoka kwa nzi wenyewe. Mchukue buu mtembezi, mnyime chakula kwa muda mfupi, kisha umrudishe kwenye hamira. PKG yake hushuka, naye hutulia na kula kama mkaaji. Jeni ni ileile aliyozaliwa nayo. Kilichobadilika ni njaa yake. Na hata mtembezi aliyeshiba hatembei kwa sababu ya jeni peke yake, anatembea kwa sababu kuna hamira mbele yake. Kijana yule aliuliza kama jeni ndiyo inayoamua au maisha. Kwenye sahani hii huwezi kuuliza hivyo. Ondoa hamira, na tofauti ya jeni haionekani tena.

Nyuki wanalo toleo lao la jeni hii. Nyuki mchanga hubaki mzingani akilea watoto. Akifikisha wiki mbili tatu hutoka kutafuta chavua na nekta. Mwaka 2002 iligunduliwa kwamba jeni hii hufanya kazi zaidi kwa wale watokao nje, na nyuki wachanga waliopewa kemikali inayoiamsha PKG walitoka mapema kuliko umri wao. Kwa siafu na chungu wengine msikimbilie kusema ni vivyo hivyo: kwenye aina moja ya chungu wavunaji wa mbegu huko Marekani, watokao nje ndio wenye kiwango kidogo. Jeni ni ileile, imepewa zamu tofauti.

Nzi huyu tunayemwita wa maabara ni mwenyeji wa bara letu. Asili yake ni kusini-kati mwa Afrika, na mwaka 2018 watafiti walieleza jinsi walivyomkuta Zimbabwe akiishi porini kwenye matunda ya mng'ongo. Fikirieni chini ya mng'ongo msimu wa matunda: fungu hapa, fungu kule, mengine yanachacha, mengine yamekauka. Hapo ndipo buu alipokutana na swali lake, muda mrefu kabla ya jiko lolote lenye ndizi.

Dakika zimetosha. Njooni watano watano, na lenzi ipo upande wa kulia. Msiwahesabu mabuu, tazameni mifereji. Kwenye sahani ya kushoto kuna mmoja amevuka hamira yote, amefika ukingoni na kugeuka. Karibu naye kuna mwingine ambaye amechimba kishimo kidogo cha mviringo, na kulabu zake bado zinachomeka palepale.