Boriti ya sentimita 10

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa juu ya ukuta huko nyuma, sogeeni karibu. Kila jioni maji yakijaa nawaona hapa gatini mnapiga samasoti mnaingia baharini, na kila nikiwaona namkumbuka mama mmoja wa Chekoslovakia, Věra Čáslavská, bingwa wa jimnastiki, dhahabu 7 za Olimpiki, 3 za Tokyo 1964 na 4 za Mexico 1968. Ile boriti yao ya kurukia ina upana wa sentimita 10 tu. Chukua mti wa mkoko, uchonge juu uwe bapa, ndio hiyo, na mtu anapinduka hapo hewani na anatua kwa miguu.

Sasa mwaka huo wa 68 Věra alikuwa ametia saini waraka wa kudai uhuru kwao, mwezi wa Agosti vifaru vya Warusi vikaingia, na Olimpiki imebaki miezi miwili. Akakimbilia milimani kujificha. Huko hakuna ukumbi hakuna vyuma, basi akawa ananing'inia kwenye matawi ya miti, anabeba magunia ya viazi, anapakia makaa kwa sepetu ili ngozi ya viganja isilainike. Hebu angalieni viganja vya baba zenu wanaovuta makamba ya jahazi, vile vile.

Mexico akafungana alama na msichana wa Kirusi, wote wawili wakapanda juu kabisa ya jukwaa la washindi, wimbo wa Urusi ulipopigwa Věra akainamisha kichwa akageukia pembeni. Basi. Hakusema neno.

Aliporudi kwao serikali ikamwambia futa saini yako, akakataa. Wakamzuia kusafiri, wakamzuia kufundisha, bingwa wa dunia akawa anafanya usafi nyumba za watu. Mimi hapa ndipo huwa nasimama, manake hata sisi mashindano ya mashua yakiisha nahodha tunambeba mabegani, wiki ikipita hakuna anayeuliza amekula nini, na hilo wazee wangu linaniuma kweli.

1979 wakamruhusu akafundishe Mexico, akakaa kama miaka miwili. 1989 ile serikali ikaanguka, Rais Václav Havel akamfanya mshauri wake, akaongoza na kamati ya Olimpiki ya nchi yake. Halafu 1993 msiba mzito ukaingia kwenye familia, akajifungia miaka na miaka hataki kuona watu. Uzeeni akatoka tena, akarudi kwa watoto na michezo, mpaka alipofariki Agosti 2016, ana miaka 74.

Haya. Boriti ile pale, nimeichonga mwenyewe juma zima, tumeilaza chini na magunia ya mchanga huku na huku isibiringike. Wavulana ngojeni kwanza, nyinyi mna gati kila siku. Wasichana, vueni viatu mje.