Nilikaa Nyuma ya Ngoma Berlin: Mozart na Brahms

Wana Kusini, mambo vipi! Mtwara, Lindi, Masasi, mpo? Nimetoka Philharmonie sasa hivi, ukumbi wa muziki wa klasiki hapa Berlin, masikio bado yanavuma.

Kuna mjomba wa Mikindani aliniuliza, "Huo si muziki wa msibani?" Mjomba, kaa nikujibu.

Ukumbi huu ulifunguliwa 1963, jukwaa liko katikati na watu wamelizunguka. Mimi nilikata tiketi ya nyuma ya okestra, maana ndiyo ya bei nafuu. Kondakta, yule anayewaongoza wapigaji, unamwona usoni, na chini yako pale, ngoma.

Walianza na koncheto ya piano ya mtunzi Mozart, namba 20, yaani piano na okestra zinajibizana. Mwaka 1785 baba yake alifika Vienna siku yenyewe ya onyesho, akakuta nota bado zinanakiliwa, na mwanawe hajapata hata nafasi ya kuipitia sehemu ya mwisho. Mozart akapanda jukwaani hivyo hivyo! Tamu, ila ukikaa nyuma mfuniko wa piano unawapelekea uhondo watu wa upande wa pili. Bei nafuu ina mambo yake.

Sasa Brahms! Simfoni yake ya kwanza, yaani kazi ndefu ya okestra, hii ina sehemu nne, aliyoihangaikia miaka mingi kwa kuogopa kivuli cha Beethoven, mtunzi mkubwa aliyemtangulia, ikapigwa 1876 akiwa na miaka 43. Inaanza: du, du, du, du, ngoma inatwanga noti ile ile, haipumziki, fidla zinapanda juu yake. Kiti kinatetemeka, jamani! Msiba gani huo?

Na yule mpiga ngoma, sikieni. Wenzake wanaendelea kupiga, yeye kainama, sikio karibu liguse ngozi, anagonga kwa kidole, anakanyaga pedali kukaza, anasikiliza tena. Nilicheka peke yangu. Si ndivyo wazee wetu wanavyopasha ngoma za sindimba kwenye moto, wanagonga, haijakaza, wanairudisha? Huyu kavaa suti tu.

Halafu wale wa tromboni, tarumbeta kubwa za kuvuta! Sehemu tatu nzima wamekaa, mikono mapajani, hadi ya nne ndipo wanapuliza. Mshahara huo nautaka.

Mjomba, itafute hiyo Brahms, sehemu ya kwanza. Ila usisikilizie spika ya simu, ngoma itapotea yote. Azima sabufa kwa jirani, fungulia hadi Shangani wasikie, kisha uniandikie tena habari za msiba.