Tumbusi Juu ya Bati: Usiukate Mji Kwenye Picha

Mwenyekiti, wenzangu wa kamera, asanteni kwa kufika jioni hii, na foleni ya Barabara ya Nyerere mnaijua wenyewe. Nimeombwa nizungumzie tumbusi, hasa wanapokusanyika mjini. Aliyekuja akitarajia picha za Serengeti anisamehe. Hizo mnazo za kutosha.

Nina neno moja tu: ukibahatika kukuta kundi la tumbusi hapa Dar, usiukate mji kwenye picha. Mazoea yetu nayajua. Tunavuta lenzi mpaka jicho la ndege lijae kioo, bati halipo, nyaya za umeme hazipo, na mtu akiuliza umepiga wapi, picha yenyewe haina jibu. Tumbusi akitua Gongo la Mboto, Gongo la Mboto nayo ni nusu ya habari.

Kwanza hakikisha ni tumbusi kweli. Simu ninazopigiwa, "Mwalimu njoo Vingunguti, tumbusi wamejaa angani," nyingi huishia kwa mwewe. Mwewe ana mdomo wa njano na mkia wenye panda, na mkia huo hautulii. Anaupinda huku na huku kama usukani. Tumbusi ana mkia mfupi, mbawa pana, na manyoya ya ncha ya bawa yameachana hata unaweza kuyahesabu. Hapigi mbawa ovyo. Yule korongo mkubwa mwenye mfuko shingoni, marabu, anayejulikana sana Kampala na Nairobi, naye hudhaniwa tumbusi. Utamtambua akiruka kwa miguu yake inayochomoza nyuma ya mkia. Pwani tunaye pia tumbusi mweupe mwenye mbawa nyeusi, uso wa rangi ya waridi, ambaye anapenda matunda ya mchikichi, na kaa na samaki hawaachi. Wengi humkosea na kumwita furukombe, yule tai mla samaki. (Naona mnatazamana. Eee, mmeshamwita hivyo.)

Msaidizi wenu mzuri ni kunguru. Huyu mgeni aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 ametusumbua vya kutosha, lakini havumilii ndege mkubwa kwenye mtaa wake. Ukisikia kunguru wanapiga kelele kwa hasira, wote wakielekea upande mmoja, inua kichwa.

Saa ya kazi ni asubuhi. Tumbusi ni mzito, anategemea hewa ya moto inayopanda ndiyo imbebe, kwa hiyo jua likiwa bado changa utamkuta ametua juu ya mti au nguzo, pengine ametandaza mbawa juani. Ukimsubiri mpaka mchana atakuwa nukta angani, na ile hewa ya moto juu ya mabati itakutetemesha picha hata lenzi iwe ya bei gani. Anga letu la pwani ni jeupe, kamera inadanganyika, ndege anatoka mweusi tii. Ongeza mwanga hatua moja au zaidi, anga iungue kidogo, si hoja. Akiruka, kasi ya shata isipungue 1/1000 ya sekunde. Mwenye simu tu aweke kamera yake kwenye jicho la darubini. Inachosha mkono, lakini inatoa kitu.

Tazameni hii ukutani. Niliipiga karibu na mnada wa Pugu. Hawa wawili wadogo wa kahawia, wenye mdomo mwembamba, ndio wale wanaodokoa masalia ambayo wakubwa hawayafikii. Uso wa huyu wa kushoto umeiva wekundu. Huwa hivyo akichachamaa. Ukitaka picha ya kutundika sebuleni, ungeishia hapo. Lakini shukeni chini. Hapa pana ukuta wa matofali ya saruji, kipande cha kamba ya nailoni, na sikio la ng'ombe likiwa bado na hereni yake. Hereni ile ina namba. Maana yake mzoga huu una mwenyewe, na unaweza kuulizwa ulitoka wapi na ng'ombe huyo alitibiwa nini.

Swali la matibabu si la udadisi. India na majirani zake walipoteza zaidi ya asilimia 95 ya aina kadhaa za tumbusi kwa sababu ya diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Tumbusi akila mzoga wenye dawa hiyo, figo zinakufa. India iliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006, ndege wengi walikuwa wameshakwisha. Hawa wa kahawia ninaowaonyesha waliingizwa mwaka 2015 katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka duniani, na Guinea-Bissau zaidi ya 2,000 waliuawa kwa sumu mwaka 2019 na 2020. Kule wanaishi mijini kama kuku wetu. Kuzoea watu hakukuwaokoa.

Kwa hiyo ukikuta tumbusi wamelala wamekufa na hawana jeraha, usiwaguse, wala mzoga. Sumu kama kabofurani, dawa ya kuulia wadudu, inaweza kupita kwenye ngozi. Piga kwa mbali, mzoga na ndege kwenye fremu moja, kisha mpigie ofisa mifugo wa kata, na zuia watoto na mbwa wasisogee.

Adabu ya mahali. Machinjioni omba ruhusa. Watu wako kazini na hawapendi kupigwa picha wakiwa na visu. Mtaani pita kwa mjumbe kwanza, hata dakika tano. Droni iacheni nyumbani. Vingunguti iko jirani na uwanja wa ndege, na droni haipigi hodi kwa tumbusi wala kwa rubani.

Ukirudi, andika siku hiyo hiyo: tarehe, saa, mtaa, wangapi, walikuwa wanakula nini. Weka eBird, mtandao wa kumbukumbu za ndege, au watumie wa Tanzania Bird Atlas, wanaokusanya taarifa za ndege wa nchi yetu. Picha yenye ukungu lakini ina hayo matano naichukua kabla ya ile kali isiyo na kitu.

Naona mkono kule nyuma. Dada mwenye ushungi wa kijani, karibu.