Wali maharage wa Louis Armstrong, leo Jumatatu tunapika

Haya mambo zenu wapendwa, shikamooni wakubwa wote mnaoangalia, mama yangu Tanga shikamoo najua uko hapo miwani umevaa. Leo niko jikoni hapa Houston, ni Jumatatu, kazini siendi, sufuria iko kwenye moto tangu asubuhi na hiyo sauti mnayoisikia nyuma yangu ni maharage yanatokota. Sasa kabla hamjaanza kwenye komenti eti dada miaka yote hiyo Marekani bado unakula maharage, subirini kwanza.

Mnamjua Louis Armstrong? Yule mzee wa jazi, tarumbeta mkononi, sauti ya kukwaruza, leso nyeupe ya kufutia jasho, tabasamu meno yote nje. Huyu bwana kazunguka dunia nzima, mwaka 1960 alifika mpaka Kongo, kapiga Kinshasa enzi hizo bado inaitwa Léopoldville watu wakambeba juu kwenye kiti, kapiga na Lubumbashi pia. Hela anayo, jina analo, angekula chochote anachotaka. Na chakula alichokipenda kuliko vyote duniani ni wali na maharage mekundu. Wali maharage jamani! Tena alikipenda mpaka kwenye barua zake, mahali ambapo wewe na mimi tungeandika "wako mtiifu" yeye anaandika wako wa wali na maharage mekundu, alafu anasaini.

Kwao ni New Orleans, kule Louisiana, kazaliwa 1901 kwenye umaskini haswa, mama yake anaitwa Mayann. Na kule maharage mekundu yana siku yake, Jumatatu. Mnajua kwa nini? Jumapili waliokuwa na uwezo walikuwa wanapika paja la nguruwe la moshi, mfupa unabaki. Jumatatu ni siku ya kufua, na kufua kwa mikono mnakujua nyie, mwanamke yuko kwenye beseni kutwa, hana muda wa kusimama jikoni, kwa hiyo anatumbukiza maharage aliyoyaloweka usiku pamoja na ule mfupa, anaacha moto mdogo, anarudi kwenye nguo zake. Jioni nguo zimeanikwa na chakula kipo. Leo kila mtu ana mashine ya kufulia lakini ukienda New Orleans Jumatatu, migahawa mingi tu utakuta wali na maharage mekundu ndo chakula cha siku, na watu wanakifuata.

Sasa hapa wale mliosoma bweni nisikilizeni. Usiku wa mwaka mpya, kuamkia 1913, Louis bado mtoto, kachukua bastola ya mtu pale nyumbani kafyatua risasi hewani barabarani kushangilia mwaka, polisi wakamkamata, akapelekwa kwenye kituo cha watoto watukutu. Kufika huko chakula ni maharage meupe bila wali. Akagoma! Akasukuma sahani huko. Kaendelea kugoma siku kadhaa mpaka njaa ikamnyoosha, ilipofika siku ya nne akawa wa kwanza mezani. Mimi niliposoma hiyo nilicheka peke yangu kwenye basi, maana form one wote tulipita hapo hapo, wiki ya kwanza unajifanya hauli wadudu, wiki ya pili unagombania ukoko. Lakini mwenzetu hata baada ya hapo maharage hakuyachukia, na humo humo kituoni ndo akafundishwa vizuri kupuliza.

Alafu kuna habari ya mke wake wa nne, Lucille, alikuwa mcheza dansi pale Cotton Club, New York. Louis anamtaka, na swali lake kubwa kabla ya ndoa ni hili, unajua kupika wali na maharage mekundu? Dada wa watu hajakulia Kusini, hayajui hayo, lakini akajifunza akampikia, jamaa kwisha habari yake, wakaoana 1942. Mwaka uliofuata Lucille akanunua nyumba mwenyewe Queens, hapo hapo New York, mume yuko safari za muziki, hajaiona hata siku moja! Wameishi hapo mpaka Louis anafariki 1971 na siku hizi ni makumbusho, jiko lenyewe lina makabati ya rangi ya bluu ya bahari, zuri hatari. Wanaume mnaoniangalia, chukueni notisi hapo kwenye nyumba sio kwenye swali.

Haya tupike. Maharage mekundu yale makubwa, nusu kilo hivi, yaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga yale maji weka mengine, na mwanzoni yachemke kwa nguvu dakika kumi, msiruke hapo, haya maharage yakiwa hayajaiva vizuri yana sumu ya kuvuruga tumbo. Ndo unapunguza moto. Kule wanaunga kwa vitatu ambavyo havikosekani, kitunguu, hoho na seleri, vyote vikatwe vidogo. Kitunguu saumu, pilipili kavu. Resipi ya Louis mwenyewe ina na sosi ya nyanya, ambayo wengi wa New Orleans hawaweki na mimi naona amepatia.

Nyama ndo penyewe. Yeye anatia kitimoto, mafuta yake yaliyotiwa chumvi na vifundo vya miguu vya moshi. Najua hapo nusu yenu mmeshaguna. Tulieni, mzee aliwafikiria, kwenye resipi yake kasema kabisa kama huli nguruwe weka mafuta ya kuku na nyama ya ng'ombe ya chumvi au ulimi wa ng'ombe. Mimi naweka shingo za bata mzinga za moshi, watu weusi wengi hapa ndo wanafanya hivyo, na ladha ya moshi inakolea vizuri tu. Nyumbani ukikosa hizo nadhani hata nyama iliyokaushwa juu ya moto wa kuni itafanya kazi.

Yakishaiva, masaa mawili matatu, chukua mwiko uponde kiasi pembeni ya sufuria alafu rudisha ukoroge, mchuzi unakuwa mzito wenyewe bila unga wala nini. Hebu ona hapa. Ona!

Wali wao ni mweupe tu, maji na chumvi. Mimi mtoto wa Tanga nimeshindwa, nimetia nazi, na nimeonja kabla sijawasha kamera, New Orleans mnisamehe ila huu umewazidi.

Niandikieni hapo chini kwenu mnaunga maharage kwa vitu gani, na wa Kigoma na mawese yenu msijifiche, nataka kujua mnaweka kabla au baada ya kitunguu.