Mgonjwa Karudi Nyumbani, Sasa Tumwambieje?

ZUHURA: Kabla hatujaanza, niwaambie kilichotokea dakika mbili zilizopita. Fundi mitambo wetu kavua hedifoni, katutazama mmoja mmoja, kasema, "Nani ana saa ya mshale? Aivue, inaingia kwenye maiki."

MASHAKA: Nikamwambia hii ya kwangu haivuliki, ndugu yangu.

ZUHURA: (anacheka) Wasikilizaji, mkisikia tik-tik leo jueni ni valvu ya Mashaka, kilango cha bandia alichowekewa kwenye moyo. Miezi mitano sasa.

MASHAKA: Miezi mitano na wiki moja. Mke wangu anasema siku za mwanzo alikuwa halali kwa sababu ya ile sauti. Siku hizi halali asipoisikia.

ZUHURA: Haya. Kuna mama mmoja wa Mbagala katuandikia, nakusomea. "Mume wangu amefanyiwa upasuaji wa moyo, hii ni wiki ya tatu yuko nyumbani. Mshono unaendelea vizuri, kliniki wanasema yuko sawa. Lakini jana katoa machozi kwa sababu chai haikuwa na sukari. Ndugu wanamwambia jikaze, wewe mwanaume. Mimi maneno yameniishia. Nimwambie nini?"

MASHAKA: Huyo wa chai ana nafuu. Mimi nililia kwa ajili ya ndala.

ZUHURA: Ndala?

MASHAKA: Ndala moja iliingia mvunguni. Kuinama siwezi, mke wangu kaenda dukani. Nimekaa ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja una ndala, mwingine hauna. Nikalia, dada Zuhura. Kilio cha mtoto aliyesahaulika shule.

ZUHURA: Hukuwahi kuniambia hiyo.

MASHAKA: Ningekuambiaje? Wewe ulikuja na kikosi cha watu saba!

ZUHURA: Haya, nakiri. Tulijaa sebuleni, katoni ya soda, na mimi nikasema kwa sauti, "Mbona umependeza! Hata huonekani kama mgonjwa!" Nilidhani nakutia moyo.

MASHAKA: Mlipoondoka nikamuuliza mke wangu, kwani wanaona najisingizia? Na yeye muda wote huo alikuwa jikoni anawachemshia chai nyinyi, badala ya kupumzika. Halafu yule jamaa yenu akaleta habari za mjomba wake aliyepasuliwa akafia mezani.

ZUHURA: Nilimkanyaga mguu!

MASHAKA: Ulichelewa.

ZUHURA: Lakini tuseme ukweli, wengi hatujui mtu kapitia nini. Tukiona mshono umefunga, tunaona imekwisha.

MASHAKA: Ngoja niwaeleze. Mfupa wa katikati ya kifua unapasuliwa kwa msumeno. Moyo unasimamishwa, damu inapitishwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Wakimaliza, ule mfupa wanaufunga kwa nyaya za chuma. Ngozi inapona upesi, unaiona. Mfupa unataka wiki sita hadi nane uanze kushikana, na kama miezi mitatu uwe imara. Na hiyo mashine unajua mara ya kwanza kufanikiwa kwa mtu ilikuwa 1953? Daktari John Gibbon, kule Marekani. Bibi yangu alikuwa keshaolewa. Ni jambo la juzi, sisi tunalizungumza kama kung'oa jino.

ZUHURA: Na hapa kwetu watu walikuwa wakisikia upasuaji wa moyo wanajua ni India. Leo unapanda daladala unashuka Muhimbili, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo tangu 2015. Huenda ndiyo maana tunadhani ni jambo dogo, kwa kuwa ni karibu.

MASHAKA: Huenda. Sasa huyo mama ajue, kulia namna hiyo wiki za mwanzo kunawapata wengi sana. Mwili umetikiswa, usingizi vipande vipande, chakula mdomoni kama unatafuna karatasi. Na mwanaume aliyezoea kubeba anaambiwa mwisho wako pakiti ya sembe ya kilo mbili. Ndoo ya lita ishirini ni kilo ishirini, anaitazama mke wake akiibeba. Hapo ndipo machozi yalipo. Sukari ni kisingizio.

ZUHURA: Kwa hiyo "jikaze"...

MASHAKA: Ukijikaza unabana kifua! (wanacheka) Aisee usinichekeshe, hata leo bado panavuta.

ZUHURA: Pole. Tuambie basi nani alikusaidia kweli.

MASHAKA: Mzee jirani yangu pale Tandika. Dereva wa lori mstaafu, mtu wa maneno machache. Siku ya tisa tangu nirudi, saa kumi na moja jioni, kasimama mlangoni. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akasema, "Twende." Nikamuuliza wapi. "Nguzo ya umeme." Ni hatua arobaini kutoka mlangoni kwangu. Tukaenda, tukarudi, akaaga. Kesho yake nguzo ya pili. Wiki iliyofuata tumefika kwa mama wa genge, pale kwenye kona.

ZUHURA: Mlikuwa mnazungumza nini?

MASHAKA: Mpira. Yeye Yanga, mimi Simba. Hakuwahi kuniuliza moyo unaendeleaje, hata siku moja. Lakini sikiliza hili. Wanakufundisha wodini, ukitaka kukohoa au kupiga chafya, kumbatia mto kifuani, ubane, mfupa usitikisike. Nyumbani nilikuwa nao. Barabarani naona aibu, siubebi. Siku ya tatu hivi, vumbi la bodaboda, kikohozi kikaja. Nageuka, mzee kaninyooshea mto. Kumbe kila siku alikuwa anatoka nao, kaubana kwapani, foronya ya maua mekundu ya mkewe, anapita nao Tandika nzima watu wanamtazama.

ZUHURA: Jamani.

MASHAKA: Hakusema neno. Nilikohoa, nikamrudishia, akaubana kwapani, akaendelea na habari za penalti.

ZUHURA: ...Haya. Nipe sekunde.

MASHAKA: Chukua.

ZUHURA: Nirudi kwa mama yetu. Na chakula? Maana sisi tukimpenda mtu tunampikia.

MASHAKA: Mpikieni, ila chumvi kidogo. Mchuzi wa kopo na vile vidonge vya kiungo vya kutia kwenye mchuzi, mnajua ninachosema, chumvi tupu. Na kama shemeji amewekewa valvu ya bandia kama yangu, atakuwa anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye valvu. Hapo kuna mkanganyiko wa mchicha. Jirani mmoja aliniambia nisiguse kabisa mboga za majani, mwingine akaniletea kisamvu sufuria nzima. Wote wamekosea. Mboga zile zina vitamini K, inapunguza nguvu ya dawa. Unakula kiasi kilekile wiki hadi wiki, ili kipimo cha INR, kile kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kisiyumbe. Mimi wanataka isome kati ya 2.5 na 3.5. Mwenzangu ana namba yake, aifuate ya kwake.

ZUHURA: Na yule muuzaji wa duka la dawa, tunayemkimbilia kila kitu kikiuma?

MASHAKA: Ah, huyo! Kichwa kikiuma usimtume mtoto akanunue diklofenaki. Ikikutana na warfarini inaweza kukutoa damu tumboni. Uliza kliniki kwanza. Hata ukienda kung'oa jino, mwambie daktari wa meno nina valvu.

ZUHURA: Sasa kulia ni kawaida, lakini mama asikae tu.

MASHAKA: Asikae. Wiki zikipita shemeji halali, hali, anasema heri ningekufa, hilo lipelekwe kliniki kama lingepelekwa kidonda. Na homa, usaha, mfupa wa kifua kugonga anapojigeuza, miguu kuvimba, pumzi kumkatika, hapo siku hiyohiyo hospitali. Usisubiri Jumatatu.

ZUHURA: Na la "nimwambie nini"?

MASHAKA: Asitafute maneno. Ampe kazi. Mimi mke wangu aliniletea sinia la mchele nichambue. Nilichambua kwa saa nzima, nikatoa kijiwe kimoja, nikajiona mtu. Na yeye mama apate mtu wa kumpokea. Dada wa shemeji anayekuja kusema pole, siku nyingine aje na maji.

ZUHURA: Nampigia simu baada ya kipindi. Mimi mwenyewe Jumamosi nitakwenda Mbagala, peke yangu, bila kikosi. Nitafua.

MASHAKA: Na soda?

ZUHURA: Sibebi soda. Nibebe nini?

MASHAKA: Foronya. Shemeji, kama unasikiliza, leo jua likipungua toka hadi mlangoni, urudi. Basi. Kesho tafuta nguzo. Na mama, utujibu swali moja, mzee wangu kaniagiza niulize. Shemeji ni Simba au Yanga?

ZUHURA: Kwa nini anataka kujua?

MASHAKA: Anasema kama ni Yanga atapanda daladala aende mwenyewe. Kama ni Simba, atanituma mimi.