Gari la Zamani Kwenye Kona: Anza na Bushi, Springi Zingoje

ZUHURA: Karibuni tena kwenye kipindi. Leo tunalizungumzia gari lenye umri, lile ambalo injini bado inaitika vizuri lakini ukifika kwenye kona unashika usukani kwa mikono miwili na kubana pumzi. Kabla hatujaenda mbali, Baraka, hicho ulichokishika tangu umeingia ni nini?

BARAKA: Ni bushi, dada, mpira wenye chuma katikati unaokaa pale mkono wa gurudumu unapoungana na fremu. Nimeitoa Jumamosi kwenye gari langu la mwaka 1994, kwenye mkono wa chini wa mbele, ule mafundi wanaouita kontroli amu. Ishike.

ZUHURA: Eh, ngumu kama kwato! Halafu huu ufa... ukucha unazama wote. Na hiki chuma cha katikati mbona kinazunguka chenyewe?

BARAKA: Hakitakiwi kuzunguka hata kidogo. Mpira unapaswa uwe umegandana nacho. Na kipande hicho ndicho kinacholishikilia gurudumu lisisogee mbele wala nyuma. Kwa hiyo nikikanyaga breki gurudumu linarudi nyuma, nikiachia linarejea lilikokuwa. Usukani nimeunyoosha, gari linajichagulia njia.

ZUHURA: Na hapo ulikuwa umeshaweka shokapu mpya.

BARAKA: Shokapu mpya, na springi fupi ngumu juu yake. Inaniuma mpaka leo, maana nilianzia mwisho. Gari likawa linagonga kila shimo, na kwenye kona bado linatangatanga. Springi ngumu zilikuwa zinasukuma nguvu zote kwenye mpira ambao ulishakufa, nao ukazidi kuchanika.

ZUHURA: Basi tukae hapo hapo. Wanaotuandikia wengi wanauliza waweke springi gani. Mimi nawauliza: hilo gari lenye miaka 25 umewahi kuliendesha likiwa zima? Wengi wetu tumelinunua limeshachoka. Tunataka kuliboresha bila kujua lilitoka kiwandani likiwaje.

BARAKA: Ndiyo maana nasema jeki kwanza, pochi baadaye. Gari likae juu ya stendi, kamwe usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Chukua mtaimbo, uupenyeze kati ya mkono wa chini na fremu, kisha bembea polepole. Bushi nzima inakupa ukinzani, inarudi kama msuli. Iliyokufa inafunguka kama mdomo, unaona mwanga upande wa pili. Halafu shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, angalia boljointi, kile kiungo cha duara kinachoshika gurudumu kwenye mkono, na beringi. Shika kushoto na kulia. Likicheza hapo, tafuta kwenye tairodi, ile fito inayopeleka usukani kwenye gurudumu.

ZUHURA: Na shokapu? Watu wanakandamiza pembe ya gari, wakiona halidundi wanasema ni nzima.

BARAKA: Mkono hauwezi kuifikisha shokapu mwendo inaoupata barabarani. Ikidunda mara tatu nne, imekufa, hapo hakuna ubishi. Ila isipodunda usiipe cheti. Angalia mafuta yaliyovuja kwenye mwili wake, na tairi iliyolika kwa mabonde mabonde.

ZUHURA: Tuifafanue kidogo, kwa sababu watu wanachanganya. Springi ndiyo inayobeba uzito. Shokapu haibebi gari. Kazi yake ni kuituliza springi: ndani kuna pistoni inayosukuma mafuta kupita kwenye matundu madogo, na ule mwendo unageuka joto. Ndiyo maana baada ya barabara mbovu ukiigusa inaunguza. Bila hiyo, springi ingeendelea kucheza, tairi inanyanyuka, na tairi iliyonyanyuka haikati kona wala haifungi breki.

BARAKA: Kwa hiyo pesa ya kwanza ni bushi zote za mbele, boljointi, tairodi, linki za stabilaiza, ile fito inayounganisha gurudumu la kulia na la kushoto gari lisilale sana kwenye kona. Ya pili ni shokapu nzuri, zinazobana zaidi kidogo kuliko za kiwandani, na zinunuliwe kwa jozi, kulia na kushoto pamoja. Ukifika hapo, endesha mwezi mzima kabla hujagusa kingine. Wengi hawataona haja ya kuendelea.

ZUHURA: Vipi bushi za poliyurethini, ile plastiki ngumu? Watu wanazipenda.

BARAKA: Kwenye stabilaiza nazikubali bila wasiwasi. Kwenye mikono, inategemea. Mpira wa kawaida unajipinda pande zote. Poliyurethini inataka kuzunguka upande mmoja tu. Ukiiweka kwenye mkono wa nyuma unaopaswa kujipinda huku na huku, inabana. Na isipopakwa grisi yake inalia kama kitanda cha chuma.

ZUHURA: Waambie ile habari ya kukaza.

BARAKA: Ah, hii naomba kila mtu aisikie! Bushi zangu za kwanza mpya zilikaa miezi michache tu, zikachanika. Gereji moja ilizifunga gari likiwa hewani, magurudumu yananing'inia, wakakaza bolti mpaka mwisho. Gari liliposhuka, mkono ukapanda, na mpira ambao umeshabanwa ukabaki umesokotwa muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa. Safari hii nilizishika bolti kwa mkono tu, nikalishusha gari lisimame kwa uzito wake, nikalitikisa litulie, ndipo nikakaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Fundi yeyote ukimwona anamalizia kukaza bushi za mpira magurudumu yakiwa yananing'inia, msimamishe kwa heshima.

ZUHURA: Sasa kuna atakayesema, nimefanya yote hayo na bado gari linalala kwenye kona.

BARAKA: Huyo nampeleka kwenye stabilaiza kabla ya springi. Ugumu wa fito ile unapanda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne. Ukitoka milimita 20 kwenda 22, unaona kama hujabadilisha kitu, kumbe umeongeza ugumu kwa karibu asilimia 46. Na ukienda sawasawa, magurudumu mawili yakipanda pamoja, haikusumbui.

ZUHURA: Mbele au nyuma?

BARAKA: Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele mara nyingi linasukuma pua nje ya kona, unakata usukani, lenyewe linakwenda moja kwa moja. Kuongeza ugumu nyuma kunaisaidia pua kuingia. Lakini kidogo kidogo! Ukizidisha, mkia ndio utakaokutangulia, hasa kwenye mvua, na huo hauna muda wa kukuonya.

ZUHURA: Springi fupi, basi. Hatuwezi kuzikwepa.

BARAKA: Sizikatai, nakataa kuanza nazo. Magari mengi madogo mbele yana mfumo wa MacPherson, shokapu na springi mnara mmoja. Earle MacPherson alikuwa mhandisi Mmarekani, na Ford waliutumia kwenye Consul waliyoionyesha mwaka 1950. Kwenye mfumo huu ukishusha gari sana, mkono wa chini unainama, ncha ya gurudumu inakuwa juu kuliko ncha ya ndani. Hapo gari linapata hamu zaidi ya kulala, na sehemu ya ugumu ulioununua inaliwa na hilo.

ZUHURA: Na wanaokata springi kwa msumeno?

BARAKA: Jamani, hapana. Ukitoa mzunguko mmoja kati ya minane inayofanya kazi, ugumu unapanda karibu asilimia 14, na safari ya springi imepungua. Tena ile ncha iliyokatwa inaweza isikae kwenye kiti chake. Gari likiruka tuta, springi inahama. Halafu kitu kingine, springi iliyobanwa inahifadhi nguvu ya kuua mtu. Kama huna kibanio kizuri, mpelekee mwenye nacho. Usilegeze nati ya juu ya mnara kabla springi haijabanwa.

ZUHURA: Ukimaliza kazi yote hiyo, alaimenti, yaani kupanga upya pembe za magurudumu.

BARAKA: Siku hiyo hiyo. Ukigusa mikono au tairodi, pembe za magurudumu zimeshahama. Na soma tairi zako: tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT kwenye ubavu, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokauka itaidhulumu kazi yote uliyoifanya.

ZUHURA: Na lako sasa linakwendaje?

BARAKA: Kuna kona moja ndefu, ina kiraka cha lami katikati. Miaka yote nikifika pale nilikuwa narekebisha usukani mara mbili, mara tatu. Jumapili nilikata mara moja tu. Nikapita juu ya kiraka, gari likashuka, likakaa. Nikageuza, nikairudia tena.